Ya Rejista Haiachwi Mlangoni

Tarehe 9 Julai

Stempu mwanangu,

Tumefika, baiskeli zimefika, na yule mwanamume uliyesema atapotea kabla hatujatoka uwanja wa ndege yuko hapa mbele yangu anakaza spoku na kupiga mluzi. Kwa hiyo tuanze kwa wewe kuniomba radhi.

Sanduku la baiskeli yangu lilifika limebonyea na karia ya nyuma imepinda. Baba yako aliinyoosha kwa goti na kisigino, watu wanapita wanatutazama. Mikoba yangu ya turubai imewatoa macho. Mama mmoja mwendesha baiskeli aliniuliza kwa ishara nimeinunua wapi, nikamwonyesha vidole vyangu. Maisha yangu yote nimeshona maturubai ya malori, na ndiyo kwanza leo nasifiwa.

Njia ni ile ya kwenye kadi. Unajua baba yako alivyobeba kadi za posta za watu: maandishi hakuyasoma hata siku moja, ila picha alizitazama mpaka akazikariri. Barabara ya mwambao, mnara wa taa, daraja la mawe. Sasa amestaafu na anataka kuhakikisha vitu hivyo vipo kweli.

Wewe utuandikie kwa Posta Kuu ya kila mji mkubwa ulio kwenye ratiba, na juu ya bahasha uandike "ya kungoja kuchukuliwa". Ni mpango wake huo, anasema ndiyo huduma nzuri kuliko zote na watu wameisahau. Kwako hakuna simu, na pale karakana ya meno ya bandia simu ni ya bosi wako, basi ni barua tu.

Na lile uliloniuliza mlangoni siku ya kuondoka, la baba yako: daktari alisema ni uzee wa kawaida. Alale vizuri, afanye mazoezi. Mazoezi tunayo ya kutosha.

Mama

Stempu, mama yako amemaliza karatasi yote. Nyumba za hapa zina namba zote, upande huu moja, tatu, tano, upande ule mbili, nne, sita, na kila mlango una tundu la barua. Mtu wa posta wa hapa anaishi kama mfalme. Usisahau kumpa paka maziwa.

Baba, wa posta


Tarehe 2 Agosti

Mama, shikamoo. Baba naye, shikamoo.

Radhi siombi. Baba anasema nimpe paka maziwa. Mama, paka alikufa nikiwa darasa la sita, na shimo alilichimba Baba mwenyewe. Wiki moja kabla hamjaondoka nilikuta miwani yake ndani ya birika. Nikafungua mdomo, ukanikanyaga mguu chini ya meza. Sasa uko mbali, mguu wangu huufikii. Daktari alisema nini?

Hapa kazini ni meno tu. Jana nilimaliza seti ya juu ya hakimu mmoja mstaafu. Alipoivaa akacheka, kisha akashtuka, maana alikuwa amesahau kicheko chake kinavyosikika. Nikamfikiria Baba.

Unakumbuka mahafali yangu? Wazazi wa wenzangu wote ukumbini, mimi shingo imeniuma kwa kutazama mlango. Baba yuko kwenye baraza ya mtu asiyemjua, mvua inamnyeshea, anamngoja arudi kutoka mazishini atie sahihi. Wenzake, mwenye barua asipokuwepo, huacha kikaratasi wakaenda zao. Yeye akaja jioni, viatu vinachuruzika maji, akaniambia, "Ya rejista haiachwi mlangoni, Stempu. Unaingoja mpaka mwenyewe aje." Nilimnunia wiki nzima.

Mtu yule ndiye ninayetaka arudi, na akili zake zote. Kwa hiyo niambie ukweli, nami nitaacha ubishi.

Stempu


Tarehe 25 Agosti

Stempu mwanangu,

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za posta. Baba yako sikumsomea, nilimwambia tu umemsalimia, akafurahi.

Daktari alisema alichosema. Nikwambie ninachokiona mimi. Akiwa juu ya baiskeli hakosei. Gia anabadilisha kabla mimi sijajua kuna mlima, na shimo analiona kabla yangu. Mimi naenda mbele kwa sababu ni mzito, yeye nyuma, na kila baada ya kitambo anapiga kengele mara moja nijue yupo. Daraja la mawe tulilikuta. Alishuka, akaligusa kwa kiganja, akasema, "Kumbe ni refu kuliko kadi." Nililia, nikamwambia ni upepo.

Shida inakuja tukishuka. Jioni hemani anaanza kutafuta mfuko wake wa kazi, anauliza zamu yake ni saa ngapi, na nikimwambia amestaafu ananikasirikia kama vile ni mimi niliyemfukuza. Mwanamume aliyezoea kungojwa na mtaa mzima leo hangojwi na mtu. Hilo ndilo linalomla.

Basi juzi nilimpa barua ya shangazi yako aipeleke posta. Mwanangu, ungemwona. Alivaa kofia, akapiga kola pasi kwa mkono. Akarudi mgongo umenyooka, akaniambia, "Imefika." Nikamcheka, nikamwambia imefikaje na umeitumbukiza sasa hivi? Akanitazama kama anavyotazama mteja mbishi, akaenda kunawa mikono. Usiku ule hakutafuta mfuko, alilala mpaka asubuhi.

Hii nimeituma mwenyewe kwa kuwa niko hapa hapa kwenye ngazi. Zinazofuata zote zitapita mkononi mwake. Usinibishie, niachie hilo.

Mama


Tarehe 14 Septemba

Stempu,

Kaa chini kwanza. Niko hai na baba yako ni mzima. Nimevunjika mguu.

Ilikuwa mteremko, majani yaliyolowa, gurudumu la mbele likanikimbia. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka kengele. Baba yako alisimama katikati ya barabara akaipiga, akaipiga bila kupumzika, mpaka gari la maziwa likasimama. Kwa hiyo mtu akikuambia hana akili, mwambie ndiye aliyeniokoa.

Tuko mji mdogo ambao haumo kwenye ratiba, chumba cha juu cha fundi viatu. Anwani nimeandika nyuma ya bahasha. Nina plasta mpaka pajani na nashuka ngazi kwa makalio kama mtoto. Posta Kuu inayofuata iko mbali huko mbele, kama umeniandikia pale, barua hizo sitazipata sasa. Niandikie hapa.

Na hapa hapa nikwambie. Daktari hakusema uzee. Alisema ni ugonjwa wa kusahau, haurudi nyuma, na pengine mwakani hatatujua. Nilitoka chumbani kwake nikamkuta baba yako kwenye benchi ameshika kadi ya lile daraja, ile aliyopewa alipostaafu. Nikaamua aione barabara yake wakati bado anajua ni yake. Nilikudanganya kwa sababu ungetuzuia, na ungekuwa na haki. Sasa unajua, nitukane nikusikie.

Yuko mlangoni na kofia yake, anangoja nibandike bahasha. Ananiuliza ni ya nani, nimemwambia ya Stempu. Anasema kwa Stempu anapajua, namba kumi na nne, hahitaji kuelekezwa.

Mama


Tarehe 1 Oktoba

Mama, shikamoo.

Naandika tena Posta Kuu, ile ya mji wa tatu kwenye ratiba. Tangu ile ya Agosti sijapata hata mstari. Nimemuuliza shangazi, naye hajapata chochote.

Kama ni yule paka, basi nisamehe, paka yu hai, nampa maziwa kila siku. Nimechora mstari wa njia yenu kwenye ramani ukutani kwangu, na kidole changu kimekwama kwenye daraja. Kila nikirudi kutoka kazini naangalia sanduku kabla sijafungua mlango. Jirani ameanza kunionea huruma, na huruma yake siipendi.

Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Stempu


Tarehe 12 Oktoba

Stempu,

Hujajibu. Nimehesabu muda wa barua kwenda na kurudi, nikahesabu tena kwa mahesabu ya baba yako, na hujajibu.

Najua ulivyo ukikasirika, unanyamaza, umerithi kwangu. Lakini sasa niko peke yangu na jambo lenyewe. Baba yako kila asubuhi anatoka na baiskeli, anazunguka mitaa, anarudi saa ya chakula amechoka kwa furaha. Fundi viatu anamjua, watu wanamjua, hapotei. Hilo nashukuru. Juzi alirudi, akavua kofia, akakaa pembeni ya kitanda, akaniuliza kwa heshima kabisa mume wangu anatoka kazini saa ngapi. Nikamwambia jioni. Akasema basi atangoja, asije akaniacha peke yangu na mguu ule. Alikaa pale mpaka giza. Nilipomwashia taa akaniita jina langu.

Mfupa haujaunga vizuri na baridi imeanza kuingia. Siombi unisamehe. Andika mstari mmoja tu, niuweke chini ya mto.

Mama


Tarehe 2 Novemba

Mama,

Hii ni ya mwisho. Nimekwenda kwa yule daktari wenu. Hakutaka kusema, nikakaa kwenye benchi lake mpaka akasema.

Kwa hiyo ulijua. Ulinitazama machoni mlangoni ukiwa unajua, ukamchukua Baba yangu, ukampeleka mwisho wa dunia kwenye baiskeli, na sasa umeninyamazisha ili nisiwaharibie safari. Hata yeye humruhusu kuniandikia. Miezi aliyobaki nayo ya kunijua umeichukua yote wewe.

Haya, furahini. Sanduku siliangalii tena.

Mimi


Tarehe 12 Novemba

Stempu, njoo.

Mguu umeharibika ndani. Wanaupasua Jumatatu na nitalazwa sijui mpaka lini, na hapa hakuna wa kubaki naye. Fundi viatu ni mtu mwema lakini ana duka lake. Nimekaa kitandani nashona kitambaa chenye anwani yetu ndani ya koti la baba yako, kama tulivyokushonea wewe ulipoanza shule. Siwezi tena, nimeshindwa. Kama umenikasirikia, nikasirikie maisha yangu yote, lakini njoo umchukue wakati bado anakukumbuka. Wewe bado anakukumbuka. Mimi, siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana.

Nilitaka kumpa muuguzi anayekuja kunitazama mguu hii aipeleke yeye, kwa usalama. Baba yako akaiona. Nikamwambia ni ya rejista, ni ya maana sana, ifike mkononi kwa mwenyewe. Akasimama wima. Akaifuta bahasha kwa mkono wa shati, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, akaniuliza, "Mwenyewe yupo?"

Nikamwambia yupo.

Anasema nisimwekee chakula, za rejista wakati mwingine zinachukua muda. Nje kunaonekana kunataka kuanguka theluji. Nimemwambia avae glavu, amevaa. Ananinyooshea mkono, wacha nimpe.

Mama


Tarehe 27 Novemba

Kwa binti wa mtu wa posta,

Anayeandika ni dereva wa gari la wagonjwa, amezaliwa upande wenu na anajua lugha yenu. Maneno ni yangu. Najua polisi wamekutumia telegramu, kwa hiyo huu si mwanzo wa msiba wako, ila telegramu haikukueleza jinsi ilivyokuwa, na mimi ndiye ninayejua.

Ninakaa nyumba namba kumi na nne, mtaa wa nyuma ya soko. Septemba mzee mmoja alikuja na baiskeli, akatumbukiza barua kwenye tundu la mlango wangu, akagusa kofia yake kuelekea dirishani, akaondoka. Niliitazama bahasha, sikuelewa hata neno lililoandikwa juu yake, na anwani ilikuwa ya mbali. Oktoba akaleta nyingine. Niliziweka nyuma ya saa ya ukutani nikikusudia kuzipeleka posta siku nikipita. Sikupita. Kosa hilo ni langu na sitalisahau.

Tarehe kumi na mbili nilikuwa nimekwenda kwa dada yangu, nikalala huko. Majirani ndio walionisimulia. Alifika, akapiga mlango, akangoja, akapiga tena. Kisha akaegemeza baiskeli ukutani akakaa kwenye ngazi. Theluji ilipoanza, jirani alimkaribisha ndani mara mbili. Alitoa bahasha kwenye koti, akamwonyesha, akaelekeza kidole mlangoni kwangu, akatikisa kichwa. Hakuwa kama mtu aliyepotea, jirani anasema, alikuwa kama mtu aliye kazini. Jirani akajua ananingoja mimi, akadhani nitarudi jioni, akafunga mapazia. Asubuhi niliporudi nilimkuta amekaa wima vile vile. Glavu alikuwa amevua, bila shaka kwa ajili ya kushika kalamu. Bahasha ilikuwa kifuani, kavu kabisa.

Niliutambua mwandiko. Nikaitoa kabla polisi hawajafika, sijui kwa nini. Nilihisi ni yangu kuimaliza.

Mama yako namtembelea hospitalini. Amepasuliwa, anakula kidogo. Anajua kwamba mzee alitoka kupeleka barua posta, akapotea njia akirudi, akakaa kupumzika mlangoni kwa mtu. Zaidi ya hapo hajui. Siku moja akamwambia huyu dereva, "Nilimwandikia mwanangu mara tatu, akanikalia kimya." Ndipo nilipoelewa kilichokuwa nyuma ya saa yangu. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba hakuna hata moja iliyokufikia, maana aliyempa mzee kazi ile ni yeye mwenyewe, na hilo tu ndilo analojivunia siku hizi, kwamba alimpa kazi akafa akiwa na kazi.

Nakutumia zote tatu, ndani ya bahasha yangu, sikuzifungua. Amua wewe, ni wazazi wako. Nimezituma kwa rejista.

Mama mwenye nyumba namba kumi na nne


Tarehe 8 Desemba

Mama yangu, shikamoo.

Nimeomba ruhusa kazini, nimepata. Nakuja na ndege ya Jumamosi, na nitakuwa hapo kitandani kwako kabla ya barua hii, lakini naiandika kwa sababu kuna maneno sitaweza kuyasema nikikuona.

Barua zako zilinifikia. Ile ya kuvunjika mguu ilifika mwisho wa Septemba, nikaisoma nimesimama, nikakasirika kwa kuwa ulinidanganya. Nikaiweka juu ya kabati. Ya pili nayo ilifika, nikaiweka juu ya ile ya kwanza. Nilitaka uonje kidogo. Kila siku nilisema nitajibu kesho, unajua ninavyonyamaza nikikasirika. Ndiyo hivyo, Mama. Hakuna sababu nyingine, usikae ukaitafuta. Ukitaka kunigombeza nigombeze mbele ya wauguzi wote, nitasimama nisikilize. Kosa ni langu, si lako hata chembe.

Baba hakupoteza hata moja. Nataka ulijue hilo kuliko yote. Kazi uliyompa aliifanya mpaka mwisho, na aliifanya vizuri.

Posta Kuu ya ule mji wa mbele huenda kuna barua zangu za zamani, za upuuzi, nilizoandika kabla sijapata zako. Usimtume mtu kuzichukua. Nitapita mwenyewe.

Na mama yule ambaye Baba alikaa mlangoni kwake, akija kukuona, mpokee vizuri. Amenitumia salamu za pole.

Ile ya rejista ililetwa baada ya telegramu. Mtu wa posta ni mgeni mtaani kwetu, kijitabu cha sahihi bado kipya. Alipiga mlango, nilichelewa kufungua, na nilipofungua nilimkuta ameshaandika kikaratasi anataka kukichomeka aende zake. Nikamwambia angoje, natafuta kalamu. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, Mama. Jina ndilo lililokataa kuandikika. Alitazama saa yake, akatazama mtaa, akanitazama mimi, kisha akaegemeza baiskeli yake ukutani akakaa kwenye ngazi.

Nimetia sahihi.

Stempu